Guleid Abdihafid na Maelezo Yaliyokataa Kufutika

Jumatatu hii, tarehe thelathini Juni 2025, Adeer, yaani ami yetu sote, Guleid Abdihafid anastaafu kazi. Aliingia mwezi wa tatu mwaka wa 1993. Piga hesabu mwenyewe: miaka thelathini na miwili na miezi mitatu, bila kuhamishwa, bila kupandishwa cheo vile alistahili, na bila kuogopa mtu. Hiyo ya kutoogopa mtu ndiyo nitaongea sana, na kama kuna mkubwa wa makao makuu anaisoma hii akiwa amekaa kiti cha mbele, karibu sana, soda yako inakuja.

Walitaka nusu ukurasa ya kumuaga. Sagal, karani mwenzake hapa, aliandika, na aliandika vizuri, mashallah, lakini ilikuwa kama yale maandishi ya chupa ya dawa ya mbuzi. Guleid mwenyewe akasema, "Mpeni Ramlo aandike. Ramlo hajui kunyamaza." Basi Ramlo ndiyo mimi. Napika chai hapa Kituo cha Mifugo Waliopotea, Galbet, mjini Garissa, huu mwaka wa kumi na tisa. Naandika Kiswahili kwa sababu wageni wetu wa Nairobi hawasikii Kisomali, na naandika vile naongea. Anayetaka Kiswahili cha kitabu aende anunue kitabu.

Alipoingia, kazi ilikuwa daftari na redio. Ngamia akipotea Eldas, akionekana huko chini Ijara, mwenyewe atajuaje? Guleid alikuwa anakaa mbele ya redio saa nne asubuhi, anasoma: ngamia jike, rangi ya mchanga, sikio limekatwa kidogo, ameokotwa mahali fulani. Watu wa vituo vyote walikuwa wanaacha kazi wamsikilize. Wengine hawakuwa wamepoteza hata kuku, walipenda sauti tu.

Mafuriko ya 1997, maji ya Tana yalipopanda, wenzake walibeba magodoro. Yeye alibeba daftari nane kichwani, akavuka na maji ya kifua. Mke wake aliongea hiyo mambo miaka mitano. Mwaka uliofuata mbuzi akaingia ofisini, akala ukurasa mzima wa daftari. Guleid akakaa chini, akauandika tena wote kwa kichwa, wanyama arobaini na mmoja, rangi na alama na jina la mwenyewe. Alisahau punda mmoja tu. Punda alikuwa wa mzee Jelle, na mzee Jelle mpaka leo hamsalimii.

Kompyuta zilikuja 2009. Vijana walifikiri mzee atakimbia. Alienda Nairobi miezi mitatu akasomeshwa, akarudi na miwani na kiburi. Mwaka wa 2014 vituo vyote vikaunganishwa kwa mtandao, na hapo ndipo vita vilianza.

Wacha nieleze vile mimi nilieleweshwa, kwa sababu hata mimi nilikaa darasa la tatu nikatoka. Kompyuta yetu ya Galbet ndiyo imeshika habari za wanyama wote waliopotea na wote waliookotwa. Kompyuta ya Eldas ikitaka kuuliza kitu, haiwezi kubisha hodi tu iseme habari za huko. Inasoma kwanza kitu kinaitwa maelezo ya huduma: hapa unauliza nini, lazima useme nini, utajibiwa nini. Ikishasoma, inamtengenezea karani fomu ya kujaza. Ni kama orodha ya chakula imebandikwa ukutani hotelini. Na hiyo orodha hakuna mtu anaiandika. Mashine inajiandikia yenyewe kila ikiwaka.

Sasa fikiria umeingia hoteli na njaa yako, ukutani wameandika: Kitu sifuri. Kitu moja. Kitu mbili. Utaagiza nini? Mashine iliandika hivyo hivyo, arg0, arg1, arg2, mpaka arg6. Makarani wakabandika makaratasi ukutani ili wakumbuke arg0 ni rangi na arg4 ni alama. Guleid akavumilia mwaka mmoja, halafu akapiga simu Nairobi. Nilimsikia, nilikuwa nabeba vikombe.

"Hata mtoto wa jirani anapewa jina siku ya saba," akasema. "Hawa wenu wana mwaka mzima, bado wanaitwa namba."

Wakamwambia watu watazoea.

Lakini mbaya zaidi haikuwa majina. Hiyo mashine ina tabia: ikiona mahali pa namba, inaandika lazima. Ikiona mahali pa maneno, inaandika ukipenda. Hakuna mtu aliamua, ni mashine tu. Kwa hiyo idadi ya wanyama ikawa lazima, na alama iliyochomwa kwa moto kwenye mwili wa mnyama ikawa ukipenda. Na ukitaja idadi haijalingana na iliyoandikwa, unajibiwa hakuna.

Nauliza wageni wetu: mtu wa kwetu nani atasimama mbele ya karani na foleni ya watu nyuma yake, ataje kwa sauti ngamia wake ni wangapi? Jicho la husuda liingie? Atakuambia rangi, atakuambia mama ya ngamia na nyanya ya ngamia, atakuambia nani anapiga teke. Ukimuuliza wangapi, atasema wachache, alhamdulillahi. Ukimbana, atakupa namba ndogo umuache. Huyo hajasema uongo. Hiyo ni adabu. Hata sisi wenye ofisi tunafanya hivyo, na fomu ni yetu.

Sasa sikieni ya Yurub.

Novemba 2022, ule ukame mnaujua. Yurub ni mjane wa Eldas. Shemeji yake aliteremsha ngamia zake mpaka Ijara kutafuta majani, simba akawashtua, wakatawanyika. Shemeji akarudi Eldas na kamba mkononi. Yurub akaenda kwa karani wetu wa huko, Khalif.

"Wangapi, eedo?" Khalif akamuuliza, vile tunamuita shangazi.

"Wachache."

"Fomu inakataa wachache."

"Basi andika watatu, uniache."

Khalif akaandika watatu. Jibu: hakuna. Kesho yake akauliza tena. Hakuna. Na huko Sangailu, upande wa Ijara, karani wetu Arbia alikuwa na ngamia kumi na mmoja ndani ya boma, wamekaa, wanakula. Na sheria ni siku ishirini na moja. Mwenyewe asipopatikana, mnada.

Siku ya kumi na tisa Yurub akashuka Garissa mwenyewe. Ofisini wanaume walikuwa wamejaa, akaingia jikoni kwangu. Nikampa shaah, chai yetu ya maziwa. Mwanzo hakunywa, alishika kikombe tu.

"Walaal, ndugu yangu," akaniambia, "hawa ndiyo maziwa ya watoto wangu. Sina kitu kingine. Wakipigwa mnada, mimi narudi Eldas kufanya nini?"

Nikamuuliza alama yao ikoje. Sukari ilikuwa imemwagika mezani, akachora kwa kidole: mstari mrefu, mkia umekunjwa. "Shavu la kulia," akasema. Mimi nikapiga kelele, "Guleid! Kuja uone sukari!"

Akaja. Akaangalia sukari, akamuangalia mama. Hakumuuliza wangapi. Akatoa simu, akapigia Sangailu, akaiweka sauti kubwa.

"Arbia, hao wageni wako, angalia shavu la kulia. Mstari mrefu, mkia umekunjwa."

"Ngoja nisogee, adeer, huyu mmoja ana mdomo mchafu... Iko! Na huyu, iko. Na huyu. Wallahi wote iko! Adeer, hawa wamenitafunia nguo mbili kwa kamba, mwambie mwenyewe aje na nguo!"

Yurub akakaa chini sakafuni, akafunika uso na shashi yake ya kichwani. Guleid akatoka nje akasema moshi ya jiko inamuumiza macho. Jiko langu ni la gesi.

Siku ile ile alirudi kwenye mashine, akafungua yale maelezo na kuanza kuyasahihisha kwa mkono wake. Arg0 akaitoa, akaandika rangi ya mnyama. Arg4 akaitoa, akaandika alama, na akaifanya lazima, na akaongeza mahali alama ilipo: shavu, shingo, paja, kulia au kushoto. Idadi akaifanya ukipenda. Halafu chini, pale karani yeyote atasoma, akaandika kwa Kiswahili cha watu: "Usimbane mwenye mnyama akutajie idadi. Muulize alama iko upande gani, na umpe mahali pa kuichora." Akaniuliza kama iko sawa. Nikasema ongeza "na umpe chai." Hiyo alikataa kuweka, na mpaka leo naona alikosea.

Kompyuta ya Eldas ikasoma maelezo mapya, ikatengeneza fomu mpya. Mwezi uliofuata, Eldas peke yake wanyama thelathini na wanne wakarudi kwa wenyewe. Khalif alipiga simu, hakuwa na swali lolote, alitaka kusema tu.

Mngefikiri makao makuu watafurahi. Walileta barua. Bwana Aweys, msimamizi wa mitambo, akaandika kwamba maelezo yanatakiwa kubaki kama mashine ilivyoyaandika, vituo vyote vifanane, na mtu asiyaguse. Guleid akajibu mstari mmoja: "Barua imepokelewa. Ngamia pia wamepokelewa."

Barua ya pili ilikuwa na hasira. Akajibu: "Njooni mmuulize Yurub ana ngamia wangapi. Mkirudi salama nitafuta."

Na juu ya hiyo yote kulikuwa na stima. Stima ya Garissa si mnaijua. Kila ikipotea na kurudi, mashine inawaka upya, inajiandikia upya, na maneno yote ya Guleid yanafutika: arg0, arg1, idadi lazima. Anakaa chini, anaandika tena. Februari ya 2023 nilihesabu mara kumi na saba. Siku moja stima ilienda mara tatu kabla ya adhuhuri, na mara tatu aliandika, na mara ya tatu alikuwa anaongea na mashine maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi ya sherehe.

Ikaja barua ya tatu. Akigusa tena, kamati ya nidhamu, na anaweza kutolewa kazini bila kiinua mgongo. Sagal alilia, namtaja kwa sababu alilia mbele yangu.

"Adeer, umebakisha miaka miwili tu. Wachana nayo."

"Nikiachana nayo," Guleid akamwambia, "mama mwingine atakuja kuambiwa hakuna, na ngamia yake iko."

Barua ya tatu hakuijibu. Hiyo ilitutisha kuliko majibu yake yote. Lakini stima ikienda na kurudi, tulimuona amekaa mbele ya mashine kama kawaida, miwani puani, chai yake ya vijiko vinne vya sukari kando, na maelezo yako vile alivyoyataka. Makao makuu wakachunguza, wakaona maneno yake bado yako. Wakasema mzee ana kichwa ngumu, hatuna haja ya kupigana naye, tungoje astaafu. Na wakaandika wazi kwenye barua ya makabidhiano: siku ya kukabidhi, msimamizi atakuja mwenyewe, atachukua maneno ya siri ya mashine, atazima na kuwasha, mashine iandike inavyoandika, na hakuna mtu wa Galbet atagusa tena.

Hapo ndipo hofu iliingia. Sagal ndiye anachukua kile kiti. Alikuwa amejipanga kuandika upya kila stima ikirudi, hata mara kumi na saba kwa mwezi, lakini bila maneno ya siri atafanya nini? Khalif alipiga simu kutoka Eldas, Arbia kutoka Sangailu, wote swali moja: tunarudi kwa arg0? Sagal akamwendea Guleid.

"Adeer, wakifuta tunafanya nini?"

"Wacha wafute."

"Wacha wafute? Umetupigania miaka yote hii uje useme wacha wafute?"

"Sagal, wacha wafute."

Alitoka akapiga mlango. Hata mimi siku hiyo nilimpa chai bila sukari, makusudi.

Alhamisi iliyopita Aweys akafika. Kijana msafi, suti ya rangi ya majivu, viatu vinang'aa mpaka vumbi letu likaona aibu. Kwao ni Mandera lakini amekulia Nairobi, Kisomali chake kinachechemea, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Tulijaa kwenye kile chumba kama tuko matangani. Khalif alikuwa kwenye simu, Arbia kwenye simu nyingine, nimezishika zote mbili.

Aweys akapokea maneno ya siri, akatia sahihi kwamba ameyapokea. Akazima mashine. Akaiwasha. Akafungua maelezo ya huduma yaliyoandikwa dakika ile ile na mashine yenyewe.

Mstari wa kwanza: rangi ya mnyama.

Akasogeza uso. Mstari wa pili, wa tatu. Alama, lazima. Mahali alama ilipo, lazima. Idadi, ukipenda. Na chini kabisa: "Usimbane mwenye mnyama akutajie idadi."

Akazima tena. Akawasha. Maneno yale yale. Akazima mara ya tatu, akatoa hata waya ukutani, akahesabu mpaka kumi, akarudisha. Yale yale. Arbia alikuwa anapiga kelele kwa simu, "Inasema nini? Inasema nini?" na mimi siwezi kujibu, nacheka.

"Nani amegusa hii?" Aweys akauliza.

"Nani atagusa?" Guleid akasema. "Mikono yangu iko kwa kikombe."

Halafu akaeleza, taratibu, kama anasoma redio. Kumbe alikuwa anasahihisha karatasi baada ya mashine kuiandika, kila siku kama mjinga. Siku ya barua ya tatu akafikiri: hii mashine inaandika ikitazama wapi? Akaenda huko, kwenye chimbuko la programu, pale mashine inasoma kabla haijaandika. Akayaweka majina yote huko, na lazima na ukipenda, na maneno ya makarani. Tangu siku hiyo hajagusa maelezo hata mara moja. Mashine inajiandikia yenyewe, na inaandika vile aliambiwa.

"Miaka miwili?" Sagal akauliza. "Na stima ikirudi ulikuwa unakaa hapo kufanya nini?"

"Nilikuwa nasoma habari za mpira."

Aweys akasema haya si maneno ya mashine, haya ni maneno yako mzee. Guleid akatoa barua tatu mfukoni, zimekunjwa vizuri, akaziweka juu ya kibodi.

"Hapa umeandika mara tatu, na sahihi yako: maelezo yabaki kama mashine ilivyoyaandika. Umewasha mwenyewe. Imeandika mbele ya macho yako. Sasa tia sahihi, adeer."

Alimuita adeer yeye pia, vile mtu mzima wa kwetu humuita kijana wa ndugu yake kwa jina lile lile. Aweys akazisoma barua zake moja moja. Halafu akarudi kwa ule mstari wa mwisho kwenye mashine, akausoma mara mbili, na bega likaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Ayeeyo, nyanya yangu wa Mandera," akasema, "ukihesabu mbuzi zake, anakutupia kiatu."

Akatia sahihi. Fomu ya makabidhiano, sehemu ya sita, kwa mkono wake: "Maelezo ya huduma yanabaki kama mashine ilivyoyaandika." Sagal akachukua nakala kabla wino haujakauka. Eldas wanayo, Sangailu wanayo, Wajir wanayo. Mkubwa yeyote akija kesho kutaka idadi, ataonyeshwa sahihi ya mkubwa mwenzake, na atapewa chai akiisoma.

Adeer Guleid, asante. Asante kwa daftari, kwa redio, kwa barua ulizojibu na ile uliyoinyamazia. Umetufundisha kwamba mtu wa Galbet anaweza kuambiwa hapana mara tatu na bado akafanya kazi yake sawasawa. Sagal amekaa kwenye kiti, na kichwa chake ni kigumu kuliko chako, nimekichunguza. Enda nyumbani ukapumzike na mama watoto, Mungu akupe afya, akupe mvua kwa wakati, akupe siku ndefu zenye heri. Sisi tuko hapa hapa, na hatufuti kitu.